Sikio la Mjomba

Mjomba alipiga simu Jumapili usiku kunijulisha kwamba anauza gitaa. Hakuanza na hilo. Alianza na mvua, akaja kwenye bei ya mahindi, akauliza masomo yanaendaje, akasema mkazamjomba ananisalimia. Kisha, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akasema, "Kuna kijana wa Ukunda anakuja Ijumaa kulichukua lile gitaa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Sikio limekufa, mjomba." Sisi huitana hivyo hivyo, kila mmoja mjomba wa mwenzake. "Mtu akishafiwa na sikio hapigi muziki tena. Anasumbua watu."

Jumatano nilipanda basi la Tanga. Kwenye begi nilikuwa na seti mpya ya nyuzi niliyoinunua Dar es Salaam, bisibisi mbili ndogo na spana ya pembe sita. Sikuwa na mpango. Nilijua tu kwamba Ijumaa haiko mbali, na kwamba sijawahi kumwona Mjomba bila lile gitaa ukutani nyuma yake.

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro ni kama kilomita 65. Ukikaribia mpaka, simu inakuwa ya kwanza kuvuka: inaachana na mtandao wa Tanzania, inashika wa Kenya na kukukaribisha nchi ambayo hujaingia. Nyumba ya Mjomba iko upande wetu, mahali ambapo usiku unasikia malori yakinguruma yakisubiri forodha. Ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, na mbele yake barabara inaelekea Ukunda na mahoteli ya Diani, ambako mpaka leo mtu anaweza kula kwa kupiga gitaa.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Umekonda. Karibu ndani, mkazamjomba wako ameshaweka wali."

Gitaa lilikuwa limefutwa vumbi na kulazwa kitandani juu ya shuka safi, kama maiti inayosubiri kuoshwa. Ni gitaa la umeme lenye umbo la Stratocaster, ila jina lililokuwa kichwani limefutika zamani. Mjomba alilinunua Mombasa mwaka 1987, likiwa tayari limepita mikononi mwa wengine wawili. Kabla ya hapo alipiga magitaa ya kuazima. Ananiambia kuna wakati nyuzi zilikuwa hazipatikani, akawa anachambua waya wa breki ya baiskeli na kuchukua uzi mmoja mwembamba kuwa namba moja. Ulikuwa unakata vidole, anasema, lakini ulikuwa unalia.

Alikulia Tanga mjini, wakati ambao mji ule ulikuwa unatoa magitaa kama ulivyokuwa unatoa mkonge. Jamhuri Jazz ilikuwa pale. Atomic Jazz ilikuwa pale. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliondoka wakazunguka kupitia Arusha, na mwaka 1971 wakaanzisha Simba Wanyika jijini Nairobi. Mwaka 1978 kundi likagawanyika, ikazaliwa Les Wanyika. Hata taarabu ya Tanga ilipigwa kwa gitaa la umeme: Black Star Musical Club waliingiza gitaa na besi mahali ambapo kwingine pwani palikuwa na fidla, udi na kanuni. Mjomba hakufika Nairobi wala hakurekodi. Alipiga harusini, kuanzia Tanga hadi Kwale, kwa miaka zaidi ya 40. Alipiga solo.

Baada ya kula ndipo nikaipata habari kamili, tena kwa mkazamjomba, si kwake. Mwezi Desemba kulikuwa na harusi Duga. Kundi analopiga nalo sasa lina kijana wa kinanda, mpigaji mzuri. Katikati ya wimbo wa pili kijana akasimamisha kinanda na kusema kwenye maikrofoni, "Mzee, uko nje." Watu wakacheka. Wakajaribu tena, ikawa hivyo hivyo. Kijana akaja, akapiga nyuzi sita wazi, moja moja, akazilinganisha na kinanda chake. Zote zilikuwa sawa. Akamwambia Mjomba kwa adabu kabisa, na adabu ile ndiyo iliyoumiza: "Gitaa halina tatizo, mzee wangu."

Maana yake ilieleweka. Kama gitaa halina tatizo, tatizo ni mwenye gitaa.

Mimi si mwanamuziki. Ninasoma hisabati, na nilichokijua kuhusu gitaa nilikijua kwa mlango wa hisabati. Lakini niliposikia kwamba nyuzi wazi zilikuwa sawa na bado mtu akasikika yuko nje, moyo ulinidunda. Kwa sababu kuna jambo ambalo nyuzi wazi haziwezi kukuambia.

Ukipiga uzi wazi, unasikia urefu wake wote, kutoka kwenye kipande cha mfupa kule kichwani hadi kwenye daraja huku mkononi. Kwenye gitaa la umbo hili urefu huo ni milimita 648. Freti ya 12 iko katikati kabisa, milimita 324, na nusu ya uzi inatoa sauti ile ile ikiwa imepanda ngazi nzima. Hivyo ndivyo ilivyo kwenye karatasi. Lakini kidole kinapobonyeza uzi hadi kwenye freti kinauvuta kidogo, na uzi uliovutwa hupanda. Tena uzi si mstari wa kwenye daftari, una unene na ukaidi wake. Kwa hiyo fundi huurudisha mwisho wa uzi nyuma kidogo, ule urefu wa ziada uushushe uzi kwa kiasi kile kile ambacho kidole kinaupandisha. Ndiyo maana daraja la gitaa la umeme lina vipande sita vya chuma, kila kimoja kimebeba uzi wake na kina skrubu yake ya kukisogeza mbele au nyuma. Mjomba huviita vigoda. Mafundi huiita kazi hiyo kurekebisha intonesheni. Vigoda vikikaa vibaya, gitaa lako litakuwa sawa likiwa wazi na litakuwa linadanganya kadiri unavyopanda shingo. Na mpiga solo anaishi juu ya shingo.

Alhamisi asubuhi nilimwomba Mjomba akae kwenye kiti, anipe mgongo.

"Unataka kuninyoa?"

"Nataka unisikilize tu."

Nikawasha simu, ile programu ya kutyuni inayoonyesha kwa mshale kama sauti iko juu au chini. Semitoni moja imegawanywa senti 100, na sikio la kawaida linaanza kusumbuka tofauti ikifika senti tano hivi. Nikaanza na uzi wa tatu. Kwanza niliugusa juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, ukatoa ile sauti ya kengele. Halafu nikaubonyeza pale pale na kuupiga.

"Ya pili iko chini," akasema Mjomba kabla sijauliza.

Simu ilisema chini kwa senti 14.

Uzi wa pili. "Iko chini, lakini si kama ile." Senti tisa. Uzi wa kwanza. "Chini. Kidogo." Senti sita. Wa nne. "Hii..." Akainamisha kichwa. "Rudia. Hii iko chini chembe." Senti tatu. Wa tano na wa sita alisema havina neno, na mshale ulisimama katikati.

Alipatia yote sita. Senti tatu mimi nilikuwa siisikii. Niliamini simu, yeye aliamini hewa.

"Mjomba, ni sikio gani limekufa?"

Hakujibu. Aligeuka, akalitazama gitaa kwa muda mrefu, kama mtu aliyegundua kwamba mwenziwe wa miaka mingi ana siri.

Lakini jibu langu lilizaa swali. Kama sikio lake ni zima kiasi hicho, alipigaje gitaa bovu miaka yote bila kulikamata? Nikamwomba apige. Alikuwa hajalishika tangu Desemba. Akachagua kitu cha zamani, taratibu, juu juu ya shingo, nami nikakaa karibu na mkono wake wa kushoto nikiitazama simu.

Noti zilikuwa sawa. Kwenye uzi ule ule uliokuwa chini kwa senti 14, mshale ulikuwa unasimama katikati.

Nikaacha kuitazama simu, nikatazama vidole. Kila kilipotua juu ya uzi wa tatu, kidole hakikutua wima. Kiliegemea. Kiliusukuma uzi upande kwa kiasi cha unene wa kucha, ukakazika, ukapanda hadi pale sikio lilipotaka. Kwenye uzi wa pili kiliegemea kidogo zaidi ya nusu ya hapo, kwenye wa kwanza ikawa robo. Wa tano na wa sita kilitua wima.

"Mjomba, mkono wako unavuta."

"Unavuta nini?"

"Waya. Unauvuta kila ukibonyeza."

Akavitazama vidole vyake. Hakuwa anajua. Sikio lilikuwa linaagiza na mkono unatii, bila ya mwenyewe kuitwa kwenye kikao. Tukarudi nyuma pamoja kutafuta ilianza lini. Akakumbuka kwamba zamani alikuwa anafunga nyuzi nene, zikiwa juu sana ya shingo, na kwamba kuna mwaka alilipeleka kwa fundi mmoja mjini. Fundi akamshauri nyuzi nyembamba, akazishusha karibu na freti ili mkono upumzike. Ushauri ulikuwa mzuri. Ila nyuzi nyembamba zilizokaa chini hazivutwi sana na kidole, kwa hiyo hazihitaji ule urefu wa ziada, na vigoda vilibaki nyuma pale pale vilipokaa kwa ajili ya nyuzi nene. Gitaa likaanza kusema chini. Mkono ukaanza kulibeba.

Ukalibeba hadi ulipochoka. Vidole vya Mjomba sasa vimevimba kwenye vifundo. Anasema asubuhi haviamki pamoja naye, vinamfuata saa nne. Zaidi ya hayo, nyimbo za harusi zinataka nyuzi mbili kwa mpigo, na hakuna kidole kinachoweza kusukuma uzi mmoja senti 14 huku jirani yake akisukuma senti tisa, wimbo mzima, usiku kucha, mtu akiwa na miaka 68. Huko Duga mkono ulikuwa umelitua gitaa chini, watu wakasikia lilivyo.

Nilianza kazi baada ya adhuhuri. Nilibadilisha nyuzi kwanza, kwa sababu uzi uliokula chumvi ya bahari hauwi sawa urefu wake wote na hakuna kigoda kinachoweza kuutibu. Kisha nikaiangalia shingo kama imepinda: unabonyeza uzi wa sita mwanzoni na mwishoni mwa shingo, halafu unachungulia uwazi uliobaki katikati. Ilikuwa na upinde mdogo tu, wa kawaida, nikaiacha. Nikapima urefu wa nyuzi juu ya freti. Vigoda huja mwisho, kwa sababu ukigusa chochote kati ya hayo baada ya kuvipanga, unaanza upya.

Skrubu zilikuwa zimeshika kutu. Mkazamjomba akaleta mafuta ya cherehani, tukatia tone moja kila moja tukasubiri. Sheria ya kazi yenyewe ni fupi. Noti ya kubonyeza ikiwa chini kuliko ya kengele, sogeza kigoda mbele, uzi uwe mfupi. Ikiwa juu, kirudishe nyuma. Legeza uzi kabla ya kusogeza, ukaze tena, utyuni, upime, urudie. Kwa gitaa la urefu huu, milimita moja ya kigoda ni senti mbili na nusu na ushei kwenye freti ya 12. Kigoda cha uzi wa tatu kilitembea kama milimita 5. Mjomba alikaa pembeni bila kusema neno. Awali alikuwa hataki kabisa kuona bisibisi karibu na gitaa lake. Kila nilipouliza "Sasa?" alijibu kabla ya simu.

Tulimaliza magharibi ikiadhiniwa. Nyuzi zote sita, wazi na freti ya 12, mshale katikati. Nilijisikia kama daktari. Baada ya sala akalichomeka kwenye amplifaya na kupiga ile ile ya asubuhi.

Alikuwa nje.

Mimi mwenyewe nilisikia. Noti za uzi wa tatu zilikuwa zinapanda kupita mahali pake, kila moja, kama mtu anayeruka ngazi iliyokwisha ondolewa. Gitaa lilikuwa sawa na mkono ulikuwa bado unavuta. Akasimama katikati ya wimbo, akajaribu tena, akasimama. Akazima amplifaya.

"Umeliharibu," akasema. Hakusema kwa hasira. Akaenda kulala.

Sikulala mapema. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba kosa ni la chombo, nikathibitisha, na kwa kufanya hivyo nilikuwa nimemnyang'anya mzee kile kilichobaki kikifanya kazi. Ijumaa ilikuwa imeshabaki ya usiku mmoja.

Nikamkumbuka Vincenzo Galilei, baba wa yule Galileo wa darubini. Alikuwa mpiga ala ya nyuzi yenye freti, na katika kitabu chake cha mwaka 1581 alishauri kwamba kila freti iwekwe pale ambapo uzi unabaki na sehemu 17 kati ya 18 za urefu uliokuwepo. Mtu wa hisabati atacheka. Ukirudia hesabu hiyo mara 12 hupati nusu ya uzi, unapata zaidi kidogo ya nusu, na noti ya juu inakuwa chini kwa senti 12 na nusu. Niliposoma habari hiyo mara ya kwanza nililiandika pembeni kama kosa. Lakini kidole kikibonyeza, uzi unapanda. Kosa la kwenye karatasi na kosa la kwenye kidole yalikuwa yanakutana katikati na kufutana. Galilei alikuwa mpigaji, na kanuni yake ilikuwa na mkono wa binadamu ndani yake.

Mjomba na gitaa lake walikuwa hivyo. Makosa mawili yaliyoishi pamoja hadi yakawa muziki. Nilikuwa nimelisahihisha moja, nikalivua lingine nguo mbele ya watu.

Ningeweza kurudisha vigoda nyuma. Nilihesabu: skrubu tatu, nusu saa. Nilikuwa nimeshakaa kitandani nikitafuta bisibisi gizani niliposikia sauti kutoka sebuleni. Gitaa la umeme bila amplifaya lina sauti ndogo kama ya mdudu kwenye kiberiti. Noti moja, uzi wa tatu. Kimya. Noti ile ile. Kimya. Halafu ya juu yake. Ilikuwa kabla ya alfajiri, malori yamenyamaza.

Nikatoka. Alikuwa ameketi gizani, amelilaza sikio karibu na mbao.

"Nautua tu," akasema bila kugeuka. "Nauzuia mkono. Naweka kidole, siendi popote."

"Inakuwaje?"

Akapiga nyuzi mbili pamoja, ya pili na ya tatu, juu kabisa. Zilikaa pamoja zikanyooka.

"Mkono unakataa. Una mazoea yake." Akapiga tena. "Lakini hainiumi."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akanyoosha vidole, akavikunja. "Siku zote nilijua uzee ndio unauma. Kumbe nilikuwa nabeba."

Kijana wa Ukunda alifika Ijumaa baada ya swala, kijana mstaarabu mwenye viatu vyeupe. Alilijaribu gitaa mwenyewe, chini na juu ya shingo, nyuzi mbili mbili, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Liko sawa sana, mzee. Nani ametengeneza?" Akataja bei kwa shilingi za Kenya, na ilikuwa juu kuliko ile ya kwenye simu. Hilo nalo nilikuwa nimelifanya mimi.

Mjomba alimwomba apige kidogo zaidi. Alikuwa hajawahi kulisikia gitaa lake likipigwa na mkono usiovuta. Alisikiliza amefumba macho hadi mwisho.

"Si langu," akasema. "La mpwa wangu huyo. Muulize yeye."

Sisi Wadigo, zamani, mali ya mwanaume haikwenda kwa watoto wake. Ilikwenda kwa watoto wa dada yake. Dini na sheria za serikali zimebadilisha hayo, na sijui mtu wa rika langu aliyerithi shamba kwa mjomba wake. Sikutegemea kurithishwa chochote mbele ya mgeni aliyeshika noti. Mjomba alikuwa anatazama nje, kwenye malori. Hakutaka kuamua, au alikuwa ameshaamua na alitaka atajwe mtu mwingine.

"Samahani, kaka," nikamwambia kijana. "Mjomba bado analipiga."

Harusi bado hawajamwita. Kijana wa kinanda amesikia kwamba gitaa limetengenezwa na amesema atakuja kulisikiliza, na mpaka ninaondoka Jumapili alikuwa hajaja. Mkono bado unavuta anapochoka au anapopenda sana wimbo. Nilipokuwa nafunga begi Mjomba akaja akasimama mlangoni.

"Nyuzi zikichakaa nitaweka nyingine, si ndiyo?"

"Ndiyo. Unene ule ule. Usibadilishe."

"Na vikihama vile vigoda?"

"Utasikia mwenyewe."

Akacheka kidogo, akanyoosha mkono. "Basi niachie bisibisi."